Michezo ya video isiyofika sokoni: Jinsi historia yake inavyookolewa

MNAMO Septemba 29, 2017, kampuni ya Nintendo kutoka Japani iliingiza sokoni mashine ndogo ya michezo ya video iliyobeba michezo 21 ya zamani. Ishirini kati ya hiyo ilikuwa imewahi kuuzwa, na waliokuwa watoto katika miaka ya tisini waliikumbuka vyema. Mmoja tu ndio uliokuwa mgeni madukani, nao ni Star Fox 2. Mchezo huo ulikamilika mnamo 1995, ukafungiwa kabatini na kukaa humo kwa miaka 22.

Walioutengeneza walikuwa wamekata tamaa ya kuuona ukichezwa na umma. Mmoja wao, Dylan Cuthbert, alitoka Uingereza akiwa bado kijana na kwenda Kyoto kufanya kazi na Nintendo, kisha mnamo 2001 akaanzisha kampuni yake mwenyewe katika jiji hilo hilo. Kazi aliyoifanya ujanani iliwafikia wachezaji kwa njia rasmi akiwa mtu mzima.

Star Fox 2 ulikuwa na bahati, kwani mwenyewe alikuwa ameuhifadhi. Michezo mingi iliyofutwa kabla ya kuuzwa haikupata mlinzi wa namna hiyo. Baadhi ilitupwa pamoja na takataka za ofisi, mingine ikabaki nyumbani kwa wafanyakazi walioachishwa kazi, na mingine inaendelea kufifia ndani ya chipu ambazo hakuna azijuaye zilipo. Makala haya yanaeleza michezo hiyo ni ipi, kwa nini ilifutwa, namna inavyopotea na jinsi watu wanavyojitahidi kuiokoa.

MICHEZO HII NI IPI?

Michezo inayozungumziwa hapa inaweza kugawanywa katika makundi manne. Kundi la kwanza ni la michezo iliyokamilika, ikakaguliwa na hata kutangazwa magazetini, lakini haikuuzwa. Kundi la pili ni la michezo iliyokatizwa ingali katikati ya matengenezo.

Kundi la tatu ni la michezo iliyogeuzwa ikawa mingine. Mfano wake ni Dinosaur Planet, uliokuwa ukitengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Wahusika wake walibadilishwa, ukahamishiwa kwenye mashine mpya ya GameCube, na hatimaye ukauzwa mnamo 2002 kwa jina la Star Fox Adventures. Nakala ya mchezo ule wa awali haikuonekana hadharani hadi Februari 2021.

Kundi la nne ni la sehemu zilizokatwa kutoka katika michezo iliyouzwa. Katika Sonic the Hedgehog 2, uliotolewa na kampuni ya Sega mnamo 1992, kulikuwa na eneo lililoitwa Hidden Palace ambalo picha zake zilichapishwa magazetini kabla ya mchezo kutoka. Wanunuzi waliufungua mchezo huo na kulitafuta eneo hilo bila kulipata. Lilirejeshwa rasmi mnamo 2013 katika toleo lililotengenezewa simu.

KWA NINI MICHEZO ILIFUTWA

Sababu ya kwanza ilikuwa ni mashine mpya kuingia sokoni. Kampuni ilipokaribia kuzindua mashine ya kisasa, haikutaka kutumia fedha kuutangaza mchezo wa mashine iliyopitwa na wakati. Ndivyo ilivyokuwa kwa Star Fox 2. Kufikia mwisho wa 1994, mashine za Saturn na PlayStation zilikuwa zimeanza kuuzwa Japani, nazo zilionyesha picha za pande tatu kwa ubora ambao Super Nintendo haikuuweza. Nintendo ilikuwa ikijiandaa kuzindua Nintendo 64 mnamo 1996, ikaona ni afadhali picha za aina hiyo zisubiri mashine hiyo.

Hali iyo hiyo iliukumba mchezo wa Mother, uliobuniwa na mwandishi Shigesato Itoi na kuuzwa Japani mnamo 1989. Tawi la Nintendo nchini Marekani liliutafsiri wote kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikakamilika mnamo 1990. Hata hivyo, ulikuwa mchezo mrefu wenye maandishi mengi, na mashine mpya ya Super Nintendo ilikuwa ikitarajiwa Marekani mwaka uliofuata. Kazi yote hiyo ikawekwa kando.

Sababu ya pili ni kufilisika. Soko la michezo ya video la Marekani lilipoporomoka mnamo 1983, kampuni nyingi zilifungwa na michezo iliyokuwa mezani ikaachwa ilivyo. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ilizika shehena ya kaseti za michezo katika jaa la taka mjini Alamogordo, jimbo la New Mexico, na baadhi zilifukuliwa mnamo Aprili 2014. Kaseti zilizozikwa huko zilikuwa za michezo iliyokwisha kuuzwa. Ikiwa hata hiyo ilizikwa, msomaji anaweza kukisia yaliyoifika ile ambayo haikuuzwa kabisa.

Sababu ya tatu ni mchezo kushindwa mtihani. Michezo ya kumbi za burudani, ile iliyochezwa kwa kutumbukiza sarafu, kwa kawaida ilipelekwa kwanza katika kumbi chache ili ionekane kama itavuta wateja. Akka Arrh wa kampuni ya Atari ulijaribiwa mnamo 1982 ukaonekana kuwa mgumu mno kwa wachezaji, na hivi leo ni mashine zake tatu tu zinazojulikana kuwepo. Marble Madness II ulifuata njia hiyo hiyo mnamo 1991.

Nyakati nyingine watengenezaji wenyewe hawakuridhika. Toleo la kwanza la Resident Evil 2, ambalo wapenzi wake huliita Resident Evil 1.5, lilikuwa limefika mbali wakati kampuni ya Capcom ilipoamua kulitupilia mbali na kuanza upya. Mhusika wake mkuu wa kike, Elza Walker, hakuonekana katika mchezo uliouzwa mnamo 1998, na nafasi yake ilichukuliwa na Claire Redfield.

Kuna pia sababu za maadili na za kibinadamu. Kampuni ya Electronic Arts iliufuta mchezo wa Thrill Kill mnamo 1998 ukiwa karibu kuuzwa, ikisema ulikuwa na ukatili uliopita kiasi, na ikakataa kuuuzia kampuni nyingine. Naye Sonic X-treme, aliyetarajiwa kuiokoa mashine ya Saturn, alikwama baada ya misukosuko mingi ambayo ilijumuisha watengenezaji wakuu wawili kuugua vibaya kutokana na kazi kupita kiasi. Mchezo huo uliachwa, na Saturn ikamaliza siku zake bila mchezo mkuu mpya wa Sonic.

AKIBA INAYOOZA

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza.

Kampuni ilipokuwa ikitengeneza mchezo wa kaseti, nakala za majaribio ziliwekwa ndani ya chipu ziitwazo EPROM. Chipu hizi hushika kumbukumbu kwa kunasa chembe za umeme ndani ya vyumba vidogo mno. Kila chumba kikiwa na umeme au kikiwa kitupu, hiyo ni herufi moja ya lugha ya tarakilishi. Faida ya EPROM ilikuwa kwamba mafundi waliweza kuifuta na kuitumia tena. Juu yake ina kidirisha cha kioo, na ikiangaziwa mwanga wa urujuanimno kwa dakika chache, umeme wote ulionaswa hutoka.

Kidirisha hicho ndicho balaa. Mafundi walikifunika kwa kibandiko cha karatasi, na mara nyingi jina la mchezo na tarehe huwa zimeandikwa kwa kalamu juu ya kibandiko hicho hicho. Kikibanduka, mwanga wa jua huweza kuifuta chipu taratibu. Hata kisipobanduka, umeme huvuja wenyewe kadiri miaka inavyosonga. Watengenezaji wa chipu hizi hawakukusudia zidumu milele, kwani zilikuwa vifaa vya kazi vya kutumiwa kwa majuma kadhaa. Nyingi sasa zina umri wa zaidi ya miaka 30.

Kasoro haihitaji kuwa kubwa. Herufi moja ikibadilika, picha inaweza kuharibika, muziki ukakatika, au mchezo ukakataa kuanza kabisa. Diski laini na kanda za sumaku nazo hupoteza nguvu na huota ukungu, na diski za kuandikwa nyumbani huharibika utando wake. Mtu anayeiweka kaseti ya majaribio sandukuni kwa nia njema ya kuitunza huenda siku moja akalifungua sanduku na kukuta plastiki tupu.

Hasara nyingine ilitokana na desturi ya wakati ule. Katika miaka ya themanini na tisini, wenye kampuni waliichukulia michezo kama bidhaa ya msimu. Ofisi zilipohama au kufungwa, diski zilifutwa ili zitumiwe tena na makaratasi yakatupwa.

NAKALA HUPATIKANA WAPI

Nakala zilizosalia hutoka sehemu chache zinazojulikana. Baadhi huwa mikononi mwa watengenezaji waliochukua kumbukumbu ya kazi yao siku ya mwisho ofisini. Nyingine zilitumwa kwa waandishi wa magazeti ya michezo ili wazihakiki kabla ya siku ya kuuzwa. Kwa kuwa magazeti yalichapishwa majuma mengi baada ya kuandikwa, waandishi walipokea mapema nakala za michezo ambayo baadaye haikufika madukani. Nyingine tena hujitokeza kwenye minada na katika maduka ya vitu vilivyotumika.

Kaseti ya SimCity ni mfano mzuri. Mchezo huo wa kujenga na kuendesha jiji, uliobuniwa na Will Wright na kuuzwa kwa tarakilishi mnamo 1989, ulitengenezewa pia mashine ya Nintendo ya wakati huo, ile ya NES. Toleo la NES lilionyeshwa hadharani mwanzoni mwa 1991, kisha likatoweka huku lile la Super Nintendo likiendelea na kuuzwa. Wengi walidhani limepotea kabisa. Zaidi ya robo karne baadaye, kaseti zake mbili zilijitokeza Marekani, na mnamo Desemba 2018 wakfu wa Video Game History Foundation ulichapisha nakala pamoja na uchambuzi wa yaliyomo.

Wakati mwingine nakala hupatikana kwa mafungu. Mnamo Machi 2021, kundi liitwalo Hidden Palace lilichapisha zaidi ya nakala 700 za majaribio za michezo ya PlayStation 2 kwa mkupuo mmoja, baada ya kushirikiana na mkusanyaji aliyekuwa nazo.

KAZI YA KUNAKILI

Kunakili kaseti ya majaribio ni kazi ya subira. Fundi huanza kwa kuipiga picha kila upande, ikiwa ni pamoja na vibandiko na maandishi ya mkono, kwa sababu tarehe iliyoandikwa kwa kalamu huenda ikawa ndiyo ushahidi pekee wa umri wake. Kisha hufungua kaseti, huondoa chipu pale inapowezekana, na kuiweka ndani ya kifaa cha kuisomea.

Chipu husomwa mara kadhaa. Kila usomaji hufanyiwa hesabu maalumu itoayo tarakimu moja ndefu, mithili ya alama ya kidole. Tarakimu za usomaji wote zikilingana, fundi hupata imani kwamba amesoma sawasawa. Zikitofautiana, chipu imeanza kuchoka, na itabidi usomaji mwingi ulinganishwe ili kukisia kilichokuwamo.

Baada ya hapo nakala huchezwa kwenye mashine halisi au kwa kutumia programu ya kuiga mashine, yaani programu inayoifanya tarakilishi ya kawaida itende kama mashine ya zamani. Mojawapo ya programu mashuhuri za aina hii, MAME, ilianzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mnamo 1997 kwa ajili ya michezo ya kumbi za burudani. Bila programu kama hizo, nakala nyingi zilizookolewa zingekuwa kama kitabu kilichoandikwa kwa hati ambayo hakuna aijuaye kuisoma.

Uhakiki hauishii hapo, kwani kughushi kumekuwepo tangu mwanzo. Kaseti ya Kiingereza ya Mother ilipojitokeza mnamo 1998, wapenzi wa mchezo huo walichangishana pesa ili mwenyewe aruhusu inakiliwe. Nakala iliposambaa, baadhi ya watu walishikilia kwa miaka mingi kwamba ilikuwa kazi ya matapeli. Mabishano yalipoa pale tafsiri hiyo ilipochunguzwa kwa kina, na mnamo Juni 2015 Nintendo yenyewe iliuuza mchezo huo kwa jina la EarthBound Beginnings. Yaliyomo yalikuwa karibu yale yale ya kaseti iliyotiliwa shaka.

BASI LA JANGWANI

Hakuna kisa kinachoonyesha thamani ya kazi hii kuliko kile cha mchezo wa Penn & Teller's Smoke and Mirrors. Penn na Teller ni wafanya mazingaombwe mashuhuri wa Marekani. Mchezo wao ulitengenezewa mashine ya Sega CD, ukawa tayari mnamo 1995, lakini kampuni iliyokuwa iuuze, Absolute Entertainment, ilifilisika kabla ya diski kufika madukani. Zilizobaki ni nakala walizotumiwa wahakiki.

Ndani ya mchezo huo kulikuwa na kipande kimoja cha kejeli kilichoitwa Desert Bus. Wakati huo wanasiasa wa Marekani walikuwa wakiilaumu michezo ya video kwa kushabikia ukatili, nao Penn na Teller wakajibu kwa kutengeneza mchezo usio na ukatili wowote wala msisimko wowote. Mchezaji huendesha basi tupu kutoka Tucson, Arizona hadi Las Vegas, Nevada. Safari huchukua saa nane kamili, kama ilivyo barabarani. Mwendo haupiti takriban kilomita 72 kwa saa. Basi huvutwa kidogo kuelekea kulia, hivyo dereva hawezi kuacha usukani. Akitoka barabarani, basi huburutwa kurudishwa lilikotoka, na muda wa kuburutwa nao huhesabiwa wote. Akifika salama, hupata alama moja.

Mhakiki mmoja wa zamani alikuwa ameiweka diski yake kwa miaka yote hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 aliikabidhi kwa Frank Cifaldi, Mmarekani ambaye mnamo 2003 alikuwa ameanzisha tovuti ya Lost Levels iliyojishughulisha na michezo isiyouzwa. Nakala ikasambazwa, na kichekesho kilichokuwa kimezikwa kwa muongo mzima kikapata watazamaji.

Mnamo 2007, kundi la wachekeshaji wa Canada liitwalo LoadingReadyRun liliamua kucheza Desert Bus mfululizo mbele ya kamera, huku watazamaji wakichanga fedha ili mateso yaendelee. Fedha hizo zilipelekwa kwa shirika la hisani la Child's Play, ambalo huwanunulia watoto walio hospitalini michezo na vifaa vya kuchezea. Shughuli hiyo iligeuka kuwa ya kila mwaka na imekusanya mamilioni ya dola. Mchezo ambao haukuuzwa hata nakala moja umewafariji watoto wagonjwa ambao wazazi wa baadhi yao hawakuwa wamefika utu uzima ulipotengenezwa. Haya yote yalitegemea diski moja ambayo mtu mmoja hakuitupa.

WAKUSANYAJI NA WAHIFADHI

Uokoaji huu hauendi bila mvutano. Kaseti ya majaribio ni kitu adimu, na kitu adimu hupanda bei. Mfano wa kupindukia ni mashine ambayo Sony na Nintendo zilikuwa zikiitengeneza pamoja kabla ya kuachana mnamo 1991. Moja iliyosalia iliuzwa mnadani mnamo Machi 2020 kwa Dola 360,000 za Marekani. Michezo iliyofutwa kwa kawaida haifikii bei kama hiyo, lakini nakala iliyo peke yake duniani huweza kugharimu maelfu ya dola.

Baadhi ya wakusanyaji huamini kwamba kaseti ikinakiliwa na kila mtu akaweza kuucheza mchezo, thamani yake hushuka. Kwa hivyo huificha. Wahifadhi hujibu kwamba kaseti halisi hubaki halisi hata nakala zikienea, kama vile picha ya jumba la kale isivyolipunguzia jumba hilo hadhi yake. Isitoshe, mwenye kuificha anacheza kamari na wakati, kwa kuwa chipu haingoji soko.

Hata hivyo, Mgala muue na haki yake mpe. Wakusanyaji wengi walinunua kaseti hizi kwa pesa zao wenyewe wakati ambapo hakuna maktaba wala makavazi yaliyozitaka. Wasingezinunua, zingeishia jaani. Wapo walioziazima kwa hiari ili zinakiliwe, na wengine walichangiwa gharama yao na wapenzi wa michezo kisha wakaruhusu nakala zitolewe.

Ipo pia njia ambayo wahifadhi makini huikwepa. Nakala ya Akka Arrh ilijitokeza kwenye mtandao mnamo 2019, na ikadaiwa kwamba ilinakiliwa bila idhini ya mwenye mashine. Mnamo Julai 2020, faili nyingi za ndani za Nintendo zilivujishwa, zikiwemo nakala za awali za michezo mashuhuri. Wanahistoria walipata majibu ya maswali ya miaka mingi, lakini miongoni mwa faili hizo kulikuwa na mawasiliano ya watu binafsi ambao hawakuwahi kukubali yasomwe na umma. Swali la iwapo historia iliyopatikana kwa njia hiyo ni halali kuitumia lingali linawagawanya.

SHERIA NA WAKATI

Kizingiti kikubwa zaidi ni hakimiliki. Chini ya sheria za Marekani, kazi iliyotengenezwa na wafanyakazi wa kampuni hulindwa kwa miaka 95 tangu kuchapishwa au miaka 120 tangu kuundwa, kutegemea muda upi utakwisha kwanza. Mchezo usiochapishwa hauna tarehe ya kuchapishwa. Hivyo basi, uliokamilika mnamo 1990 na kufichwa utalindwa hadi 2110. Chipu iliyoubeba haiwezi kutegemewa kufika huko.

Sheria hizo huziruhusu maktaba kutengeneza nakala chache za kazi ambazo hazikuchapishwa kwa ajili ya kuzihifadhi, lakini nakala za kidijitali hazipaswi kutoka nje ya jengo. Mtafiti aliye mbali hana budi kusafiri. Wahifadhi waliomba kibali cha kuwawezesha watafiti kuifikia michezo ya zamani ambayo haiuzwi tena bila kwenda maktaba, lakini mnamo Oktoba 2024 Afisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi hilo baada ya upinzani wa chama cha kampuni za michezo.

Ukubwa wa tatizo unaonekana hata kwa michezo iliyouzwa. Utafiti uliochapishwa Julai 2023 na Video Game History Foundation pamoja na Software Preservation Network ulibaini kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyouzwa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena kwa njia rasmi. Ile ambayo haikuuzwa haimo hata katika hesabu hiyo.

Kuna pia michezo iliyobaki yatima. Kampuni ikifilisika, mali zake hugawanywa, huuzwa na kuuzwa tena, hadi hakuna ajuaye nani ana haki ya kutoa idhini. Anayetaka kufuata sheria hana hata mlango wa kubisha.

TAASISI ZILIZOJITOKEZA

Kazi iliyoanzishwa na wapenzi wa michezo sasa imepata taasisi. Cifaldi aliongoza kuanzishwa kwa Video Game History Foundation mnamo 2017, na mnamo Januari 2025 wakfu huo ulifungua maktaba yake ya kidijitali yenye magazeti ya zamani, picha na makabrasha ya utengenezaji. Mjini Rochester, New York, makavazi ya The Strong yana kituo cha historia ya michezo ya kielektroniki kilichoanzishwa mnamo 2009, na yamehifadhi hati za wabunifu akiwemo Ralph Baer na Will Wright, pamoja na nyaraka za kitengo cha Atari cha michezo ya kumbi za burudani.

Jijini Tokyo, shirika la Game Preservation Society, lililoundwa mnamo 2011, hushughulikia hasa michezo ya tarakilishi za Kijapani za miaka ya themanini, ambayo mingi ilihifadhiwa kwenye kanda na diski laini. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo hupokea michezo kwa ajili ya kusajili hakimiliki, na mnamo 2014 mfanyakazi wake mmoja aligundua kwamba diski iliyokuwa ghalani ilikuwa na mafaili asilia ya toleo la Duke Nukem: Critical Mass la mashine ya PSP, ambalo halikuuzwa kamwe.

Taasisi hizi hazitafuti kaseti pekee. Michoro, barua, ratiba za kazi, matangazo na masimulizi ya waliohusika ni muhimu vilevile. Kaseti huonyesha mchezo ulivyokuwa siku ulipokoma, ilhali makaratasi na kumbukumbu za watu ndivyo vinavyoeleza kwa nini ulikoma. Watengenezaji wa miaka ya themanini sasa ni wazee, na kumbukumbu zao pia hazitangoji.

Baadhi ya kampuni zimetambua kuwa yaliyofichwa yana faida. Ultracore, uliotengenezwa na kampuni ya DICE ya Uswidi na kufutwa mnamo 1994, uliuzwa mnamo 2019. Clockwork Aquario, mchezo wa Kijapani ulioachwa mwanzoni mwa miaka ya tisini baada ya majaribio ya kumbini, ulikarabatiwa na kuuzwa mnamo 2021. Akka Arrh uliingizwa katika mkusanyiko rasmi wa Atari wa mwaka 2022, na mwaka uliofuata mbunifu Jeff Minter akautengeneza upya.

Mtu anaweza kuuliza faida ya kuhangaikia michezo ambayo hata wenyewe waliikataa. Jibu ni kwamba historia iliyoandikwa kwa michezo iliyouzwa pekee ni sawa na historia ya uchaguzi inayowataja washindi tu. Katika michezo iliyofutwa ndimo mwanafunzi wa ubunifu huona wazo lilipojaribiwa mara ya kwanza, na kwa nini liliachwa. Ndimo pia ilimo kazi ya watu waliokesha kwa miezi na miaka bila kupata hata jina lao likipita kwenye kioo.

Kwa aliye na kaseti, diski au makabrasha ya namna hii, ushauri wa wahifadhi ni mwepesi. Asiifute diski wala asikibandue kibandiko. Aiweke mahali pakavu pasipo na jua, aandike aliipata wapi na lini, kisha awasiliane na makavazi au wakfu unaohusika mapema. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la michezo hii lingali linaandikwa huku mali yenyewe ikipungua.